Je, wajua kwa nini kocha wa kikapu humwanzisha chipukizi, kisha akamweka benchi dakika za mwisho?

Mchezo mmoja wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, una dakika 48, na kwa kuwa kila timu kwa kawaida huwa na walinzi wawili uwanjani, yaani wale wanaopandisha mpira na kuichezesha timu, kocha ana dakika 96 za kuwagawia watu wanne au watano, ambao karibu kila mmoja wao huamini kwamba anastahili 30.

Gregg Popovich, aliyekuwa kocha wa San Antonio Spurs, alilikabili suala hilo mwaka 2001, alipompokea Tony Parker, Mfaransa wa miaka 19 aliyechaguliwa wa 28 katika uteuzi ambao timu za NBA hufanya kila mwaka kuchukua wachezaji wapya. Baada ya michezo michache tu alimpa nafasi ya kuanza, huku Antonio Daniels na mkongwe Terry Porter wakiwapo. Kuanza, hata hivyo, si lazima kuwe dalili ya kuaminiwa kikamilifu. Chipukizi anayeanza hucheza pamoja na nyota wa timu, na kwa Parker nyota huyo alikuwa Tim Duncan, ambaye aliweza kuyafunika makosa yake. Akiingia pamoja na wachezaji wa akiba, mzigo wote humwelemea yeye. Tena pasi mbovu ya robo ya kwanza ina muda wa kufidiwa, na katika msimu wa michezo 82 hakuna kocha anayekosa usingizi kwa kosa la mwezi Novemba, msimu ukiwa bado mwanzoni.

Dakika za mwisho ni kazi nyingine kabisa. Wapinzani humtafuta mchezaji aliye dhaifu katika kukaba na kumshambulia yeye kila wanapopata mpira, na timu iliyo nyuma hucheza faulo makusudi ili kuisimamisha saa, hivyo anayeshika mpira sharti awe na mkono mtulivu kwenye mitupo huru, ile anayopewa aliyechezewa faulo. Katika fainali za mwaka 2003, Parker akiwa msimu wake wa pili, Popovich alimtoa zaidi ya mara moja katika robo ya nne na kumwachia mpira Speedy Claxton, ambaye wala hakuwa mkongwe sana, na katika mchezo wa sita uliowapa ubingwa dhidi ya New Jersey Nets, Claxton alifunga pointi 13. Kabla ya hapo, kwenye mchezo wa sita dhidi ya Dallas katika raundi iliyotangulia fainali, Parker alisumbuliwa na tumbo, na Steve Kerr, mwenye miaka 37 na aliyekuwa hachezi sana, akaingia na kufunga mitupo yote minne ya pointi tatu aliyojaribu. Kwa maoni yangu huo ndio ugumu wenyewe, kwa sababu mkongwe anayekaa benchi wiki nzima hutakiwa awe tayari kana kwamba hakuwahi kupumzishwa.

Chipukizi naye huumia. Mara tu baada ya ubingwa huo, Spurs walijaribu kumsajili Jason Kidd, mlinzi wa timu waliyoifunga, jambo ambalo halikumfurahisha Parker hata kidogo. Kidd aliamua kubaki New Jersey, Parker akaendelea kuanza, na mwaka 2007 akatajwa mchezaji bora wa fainali.