"Paka sabuni kidogo, itakauka": dhana potofu kuhusu gripu za baiskeli za mlimani

Wiki hii nimeambiwa mara 3, na watu 3 tofauti waliotaka kufungiwa gripu, ile mipira ya kushikia kwenye usukani: "Fundi, si upake sabuni kidogo ndani iteleze, halafu itakauka yenyewe?" Wa mwisho alifika na gripu mpya mkononi na kipande cha sabuni ya mche kwenye begi, kajiandaa kabisa. Sikubishana naye. Nilimpa gripu niliyoichomoa asubuhi ile kwenye baiskeli ya mteja mwingine, iliyokuwa imefungwa kwa sabuni miezi miwili nyuma. Ndani ilikuwa kavu. Ukipitisha kidole ulihisi unga tu, mweupe, kama chumvi iliyoganda kwenye kanga ya mvuvi. Nikadondosha matone machache ya maji, nikamwambia asugue kwa kidole gumba. Likatoka povu.

Kinachokauka ni maji. Sabuni yenyewe haiendi kokote, inalala pale kati ya mpira na chuma ikisubiri unyevu, na kwenye baiskeli ya mlimani unyevu haukosekani: jasho la viganja, mvua ya masika, dimbwi, hata maji unayoiogeshea baiskeli Jumapili jioni. Ndiyo maana sabuni inawadanganya watu wengi. Ukiondoka karakana jua limewaka, gripu imeshika vizuri na unamshukuru fundi. Siku unayoshuka njia za msituni juu ya Olmotonyi, kule Arusha, udongo umeloa na mizizi inateleza, ukivuta usukani kuinua gurudumu la mbele, gripu inazunguka kiganjani. Inakuacha saa ileile unapoihitaji.

Nimewahi kuletewa baiskeli ya kijana aliyevunjika mtulinga kwa namna hiyo. Gripu ya kushoto ilichomoka nzima ikabaki mkononi mwake. Baba yake ndiye aliyeileta, akaniuliza kama gripu zilikuwa feki. Hazikuwa feki, zilikuwa gripu nzuri za bei. Zilipakwa sabuni ya maji.

Tuelewane kwanza kinachoishika gripu ya kuchomeka. Usukani wa baiskeli ya mlimani, sehemu ya mikono, una kipenyo cha milimita 22.2. Tundu la gripu ni dogo kidogo kuliko hapo, kwa hiyo mpira unatanuka ukiingia, kisha unabana. Hakuna bolti wala pini. Ni mpira mkavu unaokumbatia bomba safi, basi. Kwa hiyo chochote unachokitia katikati ili gripu iingie, ni lazima kiondoke chote baada ya kuingia. Kikibaki hata kidogo, umeweka kitelezi mahali pasipotakiwa kuteleza.

Kwa kipimo hicho, oili na grisi ni mbaya kuliko sabuni. Sabuni angalau hutulia ikikauka. Oili haikauki kamwe. Tena mpira wa asili unainywa, unavimba, unalegea na kuwa wa kunata. Gripu iliyokwisha kunywa oili siisafishi, naitupa, hata mteja akilalamika. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu ni oili vilevile, zimebadilishiwa kopo tu. Petroli nayo wanaipenda sana mafundi wa pikipiki: ni kweli inaruka upesi, lakini inavimbisha mpira, inaacha mabaki, na karakana nyingi zetu zina mama lishe mwenye jiko la mkaa hatua 5 kutoka mlangoni. Sitaki kuiona.

Ninachotumia mimi ni spiriti ya duka la dawa. Inalowanisha mpira uteleze kwa muda mfupi, kisha inaruka yote. Ila hapa pana mtego uliowanasa hata mafundi wenzangu: baadhi ya spiriti za kupaka ngozi huchanganywa na mafuta ya mbarika ili zisimkaushe mgonjwa. Ukitumia hiyo umerudi kwenye oili bila kujua. Kabla hujaitumia chupa mpya, dondosha tone moja kwenye kioo, subiri likauke, pitisha kidole. Likiacha alama ya mafuta, iache kwa ajili ya ngozi.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Panga kwanza mikono ya breki na gia mahali pake na uikaze, kwa sababu ukishaingiza gripu hutaki kuvisogeza tena. Kutoa gripu ya zamani bila kuichana, chukua spoku uliyoipiga msasa ncha hadi ikawa butu, ipenyeze taratibu chini ya mpira, dondoshea spiriti kwenye mwanya ule, zungusha. Ikianza kuzunguka inatoka yenyewe. Kwenye usukani wa kaboni usitumie spoku wala bisibisi. Mkwaruzo mdogo kwenye kaboni ndipo ufa unapoanzia. Penyeza kijiti cha mbao kilicholainishwa.

Kisha futa bomba kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usukani wa chuma wenye kutu, upige msasa kwanza. Mimina spiriti kidogo ndani ya gripu mpya, ziba kwa kiganja, tikisa, mwaga, na papo hapo isukume kwa mkupuo mmoja mpaka mwisho. Usisite katikati, maana una sekunde chache tu kabla haijaanza kushika, na ikishika njiani utaivuta upya.

Halafu iache ilale. Hapa ndipo tunapogombana na wateja. Ndani ya gripu hewa haipiti, spiriti inatokea nchani tu, kwa hiyo haikauki kwa dakika 10 kama inavyokauka mkononi. Baiskeli yenye gripu mpya za kuchomeka siitoi siku hiyohiyo. Asubuhi navaa glavu, naishika kwa nguvu zangu zote na kuinyonga kama mtu anayekamua nguo. Ikisogea hata kidogo, haitoki karakana. Mteja akiniambia ana safari jioni, namwambia aazime baiskeli nyingine.

Spirei ya nywele nayo nimeulizwa sana. Hiyo si dhana potofu, inafanya kazi vizuri: ikiwa majimaji inateleza, ikikauka inaacha utando, lakini ni utando unaonata, si unaoteleza. Siipendi tu kwa sababu utando huo unafanya kutoa gripu siku nyingine kuwe kazi ngumu, lakini ukiwa huna spiriti, tumia.

"Supaglu ndiyo mwisho wa matatizo." Supaglu inashika kabla gripu haijafika mwisho, na ikikauka ni ngumu kama kioo. Gripu inapinda na kutikisika kila siku, kwa hiyo gundi inapasuka vipandevipande na mpira unaanza kuzunguka juu ya chembe zake. Siku ya kubadilisha mkono wa breki unalazimika kuichana kwa wembe, na masalia yake kuyatoa ni kazi ya saa nzima.

"Zungushia tepu ya umeme kwanza ili ibane." Gundi ya tepu ile hulainika kwenye joto. Acha baiskeli juani saa sita mchana, uone ute mweusi unaotoka pembeni. Kama gripu inapwaya kwa kipenyo, umenunua gripu isiyo yake.

Na hapo ndipo zinapoingia gripu za pikipiki, kwa imani kwamba kila cha pikipiki ni imara zaidi. Ya kushoto inaingia vizuri, kwa kuwa bomba ni la ukubwa uleule. Ya kulia imetengenezwa kuvaa juu ya kizungushio cha mafuta, kwa hiyo tundu lake ni kubwa kwa karibu milimita 3. Kwenye baiskeli itazunguka milele, na hakuna gundi itakayoiokoa.

"Gripu za bolti kaza mpaka alenki igome." Hizi ni zile zinazobanwa kwa ringi na bolti badala ya kuchomekwa tu. Bolti zake ni ndogo, nyingi ni za alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 2.5 au 3, na ringi inayobanwa ni alumini nyembamba. Kiwango cha kukazia kwa kawaida kimeandikwa kwenye ringi yenyewe au kwenye pakiti, na mara nyingi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Huna spana ya kupimia nguvu ya kukaza? Ingiza upande mrefu wa alenki kwenye bolti, uzungushe kwa kushika upande mfupi. Mkono wako hautaweza kutia nguvu ya kuharibu. Nimewafundisha hivyo vijana wote waliopita kwenye benchi langu, na bolti zilizokatika kichwa zimepungua sana. Ikiwa imekazwa sawasawa na bado inazunguka, tatizo si nguvu. Ni vumbi au grisi chini ya ringi: itoe, ifute, rudisha.

Kuna jambo moja ambalo watu wanalicheka bila sababu, nalo ni waya. Waendesha pikipiki za motokrosi, yaani mbio za njia za udongo, hufunga gripu zao kwa waya mwembamba, na wana haki. Bainding waya nyembamba, mizunguko miwili kwenye mfereji wa gripu, ncha iliyosokotwa ikatwe fupi na kuzamishwa kwenye mpira upande wa chini, mbali na vidole. Kwa mtu anayepanda kwenye tope kila wiki, hilo ni wazo zuri. Lakini waya unasaidia gripu iliyofungwa kavu, haufichi sabuni.

"Kizibo cha mwisho wa usukani ni pambo." Hii inanitia hofu kuliko zote, hasa kwa baiskeli za watoto. Bomba lililo wazi ni duara la chuma lenye makali. Ukianguka, usukani huzunguka na ncha yake inakugeukia tumboni, na majeraha ya ini, wengu na kongosho kwa watoto walioangukia usukani yanajulikana vizuri na madaktari. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kinataka kila ncha iwe na gripu iliyozibwa au kizibo kisichochomoka ovyo. Baiskeli nyingi za mtumba zinafika hapa vizibo vimepotea, au mpira umetoboka nchani kwa kuegemezwa ukutani kila siku. Ukiona duara la chuma limechungulia kwenye mpira, gripu hiyo imekwisha, hata kama pengine kote bado ni mpya. Ukikosa kizibo cha dukani, chukua kizibo cha gome cha chupa ya mvinyo, kichonge kidogo kwa kisu, kigonge kwa nyundo ya mbao mpaka kisawazike na ukingo wa bomba. Vya namna hiyo nimeshafunga vingi, na sijaona kilichotoka.