Kinga ya mwili inaposhiriki kuziba mshipa wa moyo

Mgonjwa wa mshtuko wa moyo akishalazwa na kupimwa damu, ndugu zake huomba kuona karatasi ya majibu. Macho hutua kwenye mstari wa nyutrofili, ambao mara nyingi umepanda, na hapa kwetu Mwanza swali linalofuata ni: "Daktari, kwa hiyo ni taifodi?" Swali lina mantiki. Nyutrofili ni chembe nyeupe za damu zinazotangulia kupambana na bakteria, na ndizo nyingi kuliko chembe nyeupe nyingine zote kwa mtu mzima mwenye afya. Lakini kwa mgonjwa huyu zinaweza kuwa zimepanda bila mdudu yeyote kuingia mwilini. Zimeitwa na moyo wenyewe, na sehemu yake ziko ndani ya bonge la damu lililoziba mshipa.

Wengi tunaamini kwamba mafuta hujikusanya kidogo kidogo kwenye mshipa wa moyo mpaka njia inafungika. Mafuta yapo kweli, ila mara nyingi kinachofunga njia ghafla ni bonge la damu, na linaweza kutokea mahali ambapo mshipa ulikuwa haujabana sana. Ndiyo maana mtu aliyepandisha mlima Bugando wiki iliyopita bila kuhema anaweza kuanguka leo.

Kazi huanza miaka mingi kabla. Kolesteroli inapoingia kwenye ukuta wa mshipa, chembe nyeupe ziitwazo makrofaji huifuata na kuila. Zinashiba kupita kiasi, zinafia humo humo na kuacha uji wa mafuta, uliofunikwa na gamba la nyuzi ngumu. Makrofaji zilizobaki hutoa vimeng'enya vinavyolila gamba hilo kidogo kidogo. Siku likipasuka, damu inakutana na uji ule. Chembe sahani, zile zinazozuia damu kutoka tunapojikata, hurundikana hapo ndani ya dakika chache, na nyuzi za faibrini huzifunga pamoja. Kuna wagonjwa, pengine robo hadi theluthi, ambao gamba lao halipasuki, ila ngozi laini ya ndani ya mshipa inachubuka tu. Kwa hao nyutrofili zinaonekana kuwa na mkono mkubwa zaidi.

Hili la nyutrofili ni elimu ya juzi. Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Berlin walieleza kwamba nyutrofili inaweza kukunjua DNA yake yote na kuitupa nje kama wavu wenye protini za kuua bakteria. Kwenye kidonda chenye wadudu, huo ni ulinzi mzuri. Ndani ya mshipa wa moyo ni balaa. Chembe sahani zilizoamka huziita nyutrofili, nazo zinatupa nyavu zao, na nyavu hizo hazichagui, kama ule wavu wa dagaa wenye matundu madogo unaobeba dagaa, furu na magugu maji kwa pamoja. Chembe nyekundu zinanasa, chembe sahani zinanasa, protini za kugandisha damu zinanasa, na bonge linakua na kukaza. Wataalamu walipochunguza mabonge yaliyofyonzwa kutoka mishipa ya moyo ya wagonjwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, waliona kwamba nyavu zikiwa nyingi, sehemu ya misuli ya moyo iliyokufa nayo ilielekea kuwa kubwa.

Dawa zetu za leo hazikulengwa kwenye nyavu hizo. Aspirini inazituliza chembe sahani, na dawa za kuyeyusha bonge zinakata faibrini. DNA inabaki. Maabara imeonyesha kwamba ukiongeza kimeng'enya cha kukata DNA, bonge linayeyuka haraka zaidi, lakini hiyo bado si tiba ya mshtuko wa moyo hospitalini.

Basi kwa nini tusizime tu inflamesheni yenyewe, yaani huku kuamka na kushambulia kwa kinga ya mwili? Imejaribiwa. Mwaka 2017 utafiti wa watu zaidi ya 10,000 ulionyesha kwamba dawa ya sindano iitwayo kanakinumabi ilipunguza matukio ya moyo kwa takriban asilimia 15, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka. Kolkisini, dawa ya zamani ya gauti, ilileta matumaini mwaka 2019, kisha utafiti mkubwa zaidi wa 2024 haukuona faida. Kinga hii hii ndiyo inayotulinda na nimonia, hivyo kuibana si jambo la mchezo.

Na hapa naomba tuelewane vizuri. Msomaji asitoke hapa akaenda duka la dawa kununua diklofenaki "ya kutuliza inflamesheni." Diklofenaki, ibuprofeni na wenzake, ukiacha aspirini, huongeza hatari ya mshtuko wa moyo, hasa kwa dozi kubwa na kwa matumizi ya muda mrefu. Wapo wazee wanaozitumia kila siku kwa ajili ya magoti huku wana presha. Waongee na daktari wao.

Linalosaidia ni la kawaida na halina mbwembwe: kuacha sigara, kutibu presha na sukari, kunywa dawa za kolesteroli ulizoandikiwa. Mafua makali nayo yasidharauliwe. Utafiti wa Ontario, Canada, uliotoka mwaka 2018 uliona kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya kuthibitika homa ya mafua, hatari ya mshtuko wa moyo ilikuwa kama mara 6 ya kawaida. Anayeishi na VVU asikatishe ARV, kwa kuwa virusi vikiachwa huru, inflamesheni nayo inapanda.

Maumivu ya kifua yanayobana kwa zaidi ya dakika 15, yakienda mkononi au tayani, pamoja na jasho la baridi, msiyaite vidonda vya tumbo wala gesi mkakaa nyumbani kutafuna vidonge vya magneziamu. Kwa wanawake na wenye kisukari dalili inaweza kuwa kuhema na uchovu wa ghafla tu. Kama mgonjwa hana mzio wa aspirini na hatoki damu, atafune miligramu 300, aende hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na inafanya kazi vizuri zaidi katika saa 3 za kwanza. Kwa ndugu zetu wa Ukerewe, ambao safari ya meli kutoka Nansio peke yake inakula saa kadhaa, ulizeni mapema, mkiwa wazima, kituo kipi upande wenu kina ECG na kinaweza kuanza matibabu kabla ya kuvuka.