Ini likiumwa sio mwisho wa kukaa na watu: tunayoambiwa kuhusu pombe na ini, na ukweli wake

Mi niligundulika kwa bahati tu. Shangazi alikuwa anafanyiwa operesheni, ndugu tukaambiwa tuchangie damu, na damu ya kuchangia inapimwa kwanza UKIMWI, kaswende na homa ya ini B na C kabla hajawekewa mtu, basi baada ya muda napigiwa simu niende, nikakalishwa chini nikaambiwa nina homa ya ini B. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha ini limeshaanza kuweka makovu. Nilikuwa na miaka 34. Daktari aliongea mengi siku ile ila mi nilitoka na moja, pombe basi, na kwenye daladala narudi nyumbani wala sikuwa nawaza ini, nilikuwa nawaza Ijumaa ntakaa wapi na nani.

Maana maisha yetu mnayajua. Kikao cha harusi kinafanyika baa, mpira tunaangalia baa, tukitoka kuzika jioni tunakaa sehemu, ukipata kazi tunaipongeza, ukifukuzwa kazi washkaji wanakutoa upate moja moto moja baridi usahau. Miezi minne nilijifungia. Simu sipokei, nasema nina malaria, nimesafiri, na upweke ule ulinikondesha kuliko ugonjwa wenyewe. Kwahiyo haya namwandikia yule aliyeambiwa juzi au wiki iliyopita, na sa hivi anasikia maneno kila upande.

Dhana: "Anaumwa ini? Pombe hizo, nani asiyejua"

Hii ndo inayofanya watu wafiche mpaka wafe, naianza nayo makusudi. Ndio, pombe inaharibu ini, ila sio pombe peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na homa ya ini B, na kwetu Afrika wengi waliipata wakati wa kuzaliwa kutoka kwa mama au wakiwa watoto wadogo, yaani kabla hata hawajajua bia inafananaje. Chanjo yake iliingia kwenye chanjo za watoto hapa Tanzania mwaka 2002, kwahiyo sisi tuliozaliwa kabla ya hapo tumekua bila hiyo kinga. Afu kuna ini kujaa mafuta, linaenda na kitambi, kisukari na uzito. Kuna sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga zilizoota ukungu, Kenya mwaka 2004 kule upande wa Makueni na Kitui watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafariki. Namjua mama mmoja wa swala tano, hajawahi kuonja kilevi maisha yake yote, ini limesinyaa, na kila akienda kuona wagonjwa wenzie anahisi kama watu wanamnusa.

Na yule ambaye kweli pombe ndo imemfikisha hapo naye ni mgonjwa kama mimi. Anahitaji dawa na watu, hahitaji kusutwa.

Dhana: "Moja tu haina shida, bora uache kali unywe bia"

Nimeambiwa hivi na watu wanaonipenda kabisa. Sasa tupige hesabu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe. Kibapa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina mililita 70. Yaani bia tatu zimekizidi kile kibapa ambacho kila mtu anakiogopa. Ini halijui kama imetoka kwenye chupa ya kijani au kwenye glasi ya waini, likipokea kilevi kwanza linakigeuza kuwa sumu nyingine inayoitwa asetaldihaidi, ndo baadae linaimalizia hiyo, na kazi hiyo ina spidi yake, haiharakishwi na kahawa wala supu ya makongoro ya asubuhi wala kuoga maji baridi. Ini zima linavumilia. Ini lenye makovu kila raundi linaongezewa kovu juu ya kovu, na kwa sisi wenye homa ya ini B pombe inasukuma haraka kwenda kwenye kusinyaa na saratani. Hata kwa watu wazima wa afya Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2023 hakuna kiwango kinachoweza kuitwa salama. Ukiwa na kovu tayari jibu la daktari ni sifuri, na ukimwomba akupe ya sikukuu ni sifuri vilevile.

Dhana: "Mbege ni chakula, haina kemikali"

Mi ni Mchaga, mbege nimeionja nikiwa nimebebwa mgongoni, kwahiyo sisemi kwa dharau. Ni ndizi na ulezi kweli, ina historia yetu ndani yake. Ila ikishachacha ina kilevi kilekile, na ulanzi wa Iringa, mnazi wa pwani na rubisi ya Kagera pia. Tofauti ni kwamba hakuna lebo, leo iko laini kesho imekomaa, huwezi hata kuhesabu. Gongo ndo kabisa usiulize, hata anayeipika hajui ina asilimia ngapi.

Dhana: "Usitumie nae kikombe"

Hii iliniuma kuliko zote. Rafiki yangu wa miaka kumi na mbili, siku nimemwambia, alimwita mhudumu pembeni, baadae naona glasi yangu imewekewa alama. Sikusema kitu, nikamaliza maji yangu nikaondoka, na nikalia kwenye gari.

Homa ya ini B haipiti kwenye kikombe, sahani, kijiko, kushikana mikono, kukumbatiana, kula sinia moja wala kukaa karibu. Inapita kwa damu, kwa kujamiiana bila kinga na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Vitu vya kutochangia ni wembe, mswaki, kikata kucha, sindano, chochote chenye uwezekano wa kugusa damu. Na watu wa ndani kwako, mke au mume, watoto, waende wapime, asiyekuwa nayo achanjwe, mtu mzima kwa kawaida anachoma sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Mke wangu kamaliza zake zote. Tunakula sahani moja.

Yule rafiki nilikuja kumtumia ujumbe mrefu nikamweleza haya yote, ikachukua wiki mbili, afu akaja nyumbani na mkewe. Naandika hili kwasababu hofu nyingi za watu ni za kutokujua, ukimweleza mtu vizuri wengine wanarudi.

Dhana: "Usipokunywa unawaharibia watu starehe, bora ubaki nyumbani"

Hapa nina mengi maana hapa ndo nilipopotea.

Mwanzoni nilidhani watu wote watanikodolea macho. Ukweli ni kwamba watu wanaangalia dakika kumi za kwanza tu, pale mhudumu anapouliza "we baridi au moto", ukipita hapo salama hakuna anayekumbuka tena. Kwahiyo mi nafika mapema, naagiza changu kabla meza haijajaa, mtu akija anakuta glasi yangu iko mezani na haulizi. Maji ya kilimanjaro na ndimu na barafu kwenye glasi ndefu, au chai ya tangawizi kama baa ina jiko. Na ile baa niliyozoea nilimwambia dada anayetuhudumia ukweli nusu tu, "dada mimi sitakiwi kilevi, mtu akiniagizia niletee maji", na mpaka leo hata offa ikija ananiletea maji bila kutangaza.

Swali la kwanini andaa jibu fupi na usilibadilishe. Nilipoanza nilikuwa najibu "niko kwenye dozi", na nyie mnajua mtaani ukisema uko kwenye dozi wanaenda wapi, wiki moja tu ikawa nimeshazushiwa ngoma. Nikaja nikasema "ini langu lina shida, daktari kanikataza", basi, nikanyamaza nikabadilisha habari. Wakina dada wenyewe wananiambia kwao ni ngumu zaidi, asipokunywa mara moja tu ashauliziwa mimba, na huyo naye jibu ni lilelile, daktari kakataza, na sio lazima utaje ini kama hutaki, ugonjwa ni wako.

Raundi usiikwepe, lipa ya kwako kwenye nyama. Mi nalipia kilo ya mbuzi na ndizi za kuchoma na hakuna aliyewahi kusema natega. Chumvi ya kuchovya iache tu, hasa kwa wale ambao tumbo au miguu inajaa maji, chumvi kwao ni kama kuongeza maji. Nenda na usafiri wako au hela ya bodaboda mfukoni, ili ukianza kuchoka au hamu ikaanza kukupanda unaaga unaondoka. Kuna saa watu wanaanza kurudia stori ileile mara tatu, saa hiyo mi nishalala.

Na mtu ambaye kila akikuona anakumiminia kwa nguvu, anakuita mwoga, anakuwekea kidogo kwenye soda uone, huyo nimemtoa. Mmoja tu, ila nimemtoa.

Afu jamani kwani baa ndo sehemu pekee? Nilikuwa nimesahau kijiwe cha kahawa. Kahawa chungu, kashata, bao, ubishi wa Simba na Yanga mpaka saa tatu usiku, na pale hakuna anayekuuliza kwanini hunywi. Na la kufurahisha tafiti nyingi zimeonyesha wanywaji wa kahawa wana hatari ndogo ya ini kusinyaa, sio dawa lakini ni kinywaji ambacho ini halilalamiki, we usiijaze sukari tu. Jumamosi tumeanza kukimbia asubuhi watu sita, wawili kati yao ni walewale wa meza ya zamani.

Dhana: "Badala ya bia piga soda"

Soda moja moja sawa, ila kukaa masaa matano na soda tano ni sukari ambayo ini linaigeuza mafuta, na kama shida yako ni ini kujaa mafuta basi umetoka huku umeingia kule. Vinywaji vya malti navyo vina sukari nyingi, soma nyuma ya chupa. Kuhusu bia zisizo na kilevi, nyingine zimeandikwa 0.0 na nyingine zina mpaka 0.5, muulize daktari wako, na kama pombe ilikuwa imekushika mi nakushauri uziache, ladha na harufu vinaamsha kiu.

Dhana: "Kuna dawa ya kusafisha ini, ukitumia unaweza kuendelea kidogo kidogo"

Hamna. Ini ndo linalosafisha mwili, halifuliwi na unga wa majani wa kwenye chupa isiyo na jina la aliyetengeneza, na baadhi ya hizo dawa zenyewe zinaliua ini. Hata panadol ya kawaida ukiwa na ini bovu uliza kipimo chako, usimeze kama zamani.

Dhana: "Acha leo leo, ni kukaza moyo tu"

Kwangu mimi niliyekuwa nakunywa wikiendi ilikuwa kukaza moyo. Kwa mtu anayekunywa kila siku, anayeamka mikono inatetemeka mpaka azimue, kuacha ghafla peke yake nyumbani ni hatari, anaweza kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, hata kufa. Huyo apelekwe hospitali aachishwe kwa dawa na uangalizi. Familia nyingi zinamfungia ndani zikidhani zinamsaidia, tafadhalini sana msifanye hivyo.

Dhana: "Ini likishaharibika limeharibika, acha anywe amalize siku zake"

Nimesikia hii msibani, inasemwa na watu wazima kabisa. Mafuta yaliyoletwa na pombe yanaweza kupungua ndani ya wiki chache tu za kuacha. Makovu ya mwanzo yanaweza kurudi nyuma. Hata ini lililosinyaa, anayeacha anaishi muda mrefu kuliko anayeendelea, na maji ya tumboni kwa wengine yanapungua mpaka wanarudi kazini. Homa ya ini C siku hizi inapona kwa vidonge vya wiki 8 mpaka 12 kwa zaidi ya asilimia 95 ya wanaotumia. Ya B haijapata dawa ya kuimaliza kabisa ila kuna kidonge kimoja kwa siku kinachoilaza, mi ninacho. Kitu cha kutochelewesha ni hiki, mwenye ini akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, au akianza kuchanganyikiwa na kusinzia ovyo, ni hospitali muda huohuo.

Mwezi wa kumi na mbili tunapanda nyumbani Moshi kama kila mwaka. Mwaka wa kwanza bila pombe niliogopa kata, kile kibuyu cha kunywea mbege, kuliko nilivyoogopa sindano, maana kata ikizunguka inashikwa na kila mtu, na anayeipokea kabla yangu ni baba mkubwa. Aliponipa niliishika kwa mikono miwili, nikampa mdogo wangu aliyekaa kulia. Baba mkubwa akaniangalia, akauliza kwa Kichaga kama ni yale mambo ya ini, nikasema ndio baba, akatikisa kichwa na kata ikaendelea kuzunguka. Mwaka uliofuata alinikabidhi kisu. Kwetu nyama ya ukoo haikatwi ovyo, kila mtu ana sehemu yake na ukikosea ni kesi, na alisema anataka mtu atakayekuwa macho mpaka wa mwisho amepata yake.