Maswali na Majibu: Jinsi ya Kueleza Maumivu Ukienda Hospitali

Kwa nini naulizwa maswali mengi kuhusu maumivu wakati vipimo vipo?

Kwa sababu hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayopima maumivu. Picha itaonyesha mfupa uliovunjika, haitaonyesha unakuuma kiasi gani. Watu wawili wenye jeraha la aina moja wanaweza kuumia tofauti kabisa. Ndiyo maana Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu, ilipopitia upya maana ya maumivu mwaka 2020, ilisisitiza kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Mhudumu anayemwambia mgonjwa "jikaze, mbona wenzako wamenyamaza" hajapima chochote.

Nieleze nini hasa?

Usiishie kwenye "tumbo linauma". Weka kidole panapouma. Sema yalianza lini, ghafla au polepole, yamehama au yamebaki palepale, na nini kinayazidisha: kula, kukohoa, kutembea, kukojoa. Maumivu yaliyoanzia karibu na kitovu kisha yakahamia chini upande wa kulia, na yanazidi ukipiga hatua, humfanya daktari afikirie kidole tumbo mara moja. Usiposema kwamba yalihama, dalili hiyo muhimu inapotea.

Kisha eleza yanavyouma. Tumbo linasokota au linakata? Kichwa kinawanga? Jipu linapwita? Maneno haya ya nyumbani yanatosha, usihangaike kutafuta ya kitaalamu. Nyayo zinazowaka moto usiku, ganzi, au maumivu yanayopita kama shoti ya umeme mara nyingi hutokana na mishipa ya fahamu, na huwapata sana watu wenye kisukari. Hayo aghalabu hayatulizwi na panado, yana dawa zake.

Kifua kikibana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakielekea mkono au taya, huku jasho likikutoka, wahi hospitali saa hiyohiyo. Fanya hivyo pia kwa kichwa kilichouma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa maishani.

Nikiambiwa niyape maumivu namba, sifuri hadi kumi, nitajuaje yangu?

Sifuri ni kutokuwa na maumivu, kumi ni makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Kwa kawaida 1 hadi 3 huhesabiwa madogo, 4 hadi 6 ya wastani, 7 na kuendelea makali. Hakuna jibu la kukosea. Namba hii hailinganishwi na ya mgonjwa wa kitanda cha pili, inalinganishwa na yako mwenyewe ya asubuhi au ya jana. Ongeza na kile maumivu yanachokuzuia: "Ni saba, nashindwa kuinama kufunga viatu."

Asiyezoea namba hutumia mkono, njia inayotumika sana Afrika katika tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia mateso wenye magonjwa mazito. Ngumi ni hakuna maumivu, kidole kimoja ni maumivu madogo, vidole vyote vitano ni makali mno.

Bibi yangu akiulizwa na nesi anasema hajambo, na usiku kucha analia. Tufanyeje?

Anaitikia salamu kwa adabu aliyolelewa nayo. Akishasalimiwa, aulizwe swali la pekee: "Bibi, umelala vizuri? Ukigeuka ubavu panauma wapi?" Nawe uliyekesha naye, sema uliyoyaona. Wanaume wengi nao huficha, kwa kuwa tangu utotoni waliambiwa mwanamume halii.

Na mtoto asiyeweza kusema?

Wahudumu huangalia mambo matano: uso, miguu, mwili unavyojinyonga, kilio, na kama anabembelezeka. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 2, jumla ni 10. Kuanzia miaka mitatu hivi, wengi wanaweza kuonyesha mchoro wa uso unaofanana na wanavyojisikia. Mzazi, angalia pia mtoto aliyetulia kupita kawaida na hataki kuguswa. Huyo anaweza kuwa anaumia kuliko anayepiga kelele.

Nisimeze dawa ya maumivu ili daktari ayakute?

Huna haja ya kuteseka ili uaminiwe. Mgonjwa aliyetulizwa hospitalini hupimwa vizuri tu, tena ni rahisi kumbonyeza tumbo. La muhimu ni kutaja ulichomeza, kiasi gani na saa ngapi, hata kama ni mitishamba.

Nimeshapewa dawa, mbona nesi anauliza tena?

Kwa sababu namba ya kwanza bila ya pili haisaidii. Baada ya dawa ya kumeza, swali hurudiwa baada ya saa moja hivi, na baada ya sindano ya mshipa hurudiwa mapema zaidi. Ikitoka nane ikawa saba, sema saba, usimfurahishe mtu kwa kusema nne. Ukiwa nyumbani andika kwenye daftari saa, namba, dawa uliyomeza na ulichokuwa unafanya, kisha siku ya kliniki mpe daktari daftari lenyewe.