Je, wajua mwenye lifti moja tu aliipataje Olimpiki?

Mwaka 1955, Squaw Valley, bonde lililo katika milima ya Sierra Nevada huko California (kituo chake cha kuteleza theluji siku hizi kinaitwa Palisades Tahoe), lilikuwa na lifti moja ya viti vinavyoning'inia na kamba mbili, vyote vya kuwapandisha wateleza theluji mlimani, na hoteli ndogo. Mji hakuna, uwanja wa barafu hakuna. Na bado liliibwaga Innsbruck ya Austria kwa kura 32 dhidi ya 30, likapewa Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 1960.

Aliyeuleta ushindi huo ni Alexander Cushing, mwanasheria wa New York aliyesomea Harvard. Biashara ya kituo cha kuteleza theluji bondeni humo aliianza na Wayne Poulsen, rubani wa Pan Am. Poulsen alikuwa na ardhi, Cushing alikuwa na marafiki wenye pesa, Laurance Rockefeller akiwa mmoja wao. Mapema tu wakakorofishana. Poulsen akiwa safarini kikazi, bodi ikamwondoa na Cushing akashika usukani. Wapo waliouita ujanja. Mimi naona jina hilo ni la upole.

Olimpiki yenyewe hakuitamani sana. Alisoma gazetini kwamba mji wa jirani, Reno, unaomba kuandaa michezo hiyo, naye akajitosa ili kituo chake kitajwe magazetini bure. Baadaye alilikiri hilo mwenyewe bila haya. Ombi likapita Marekani, serikali ya California ikaahidi dola milioni 1, na hapo mzaha ukageuka kazi.

Paris, kura ilikopigwa, alipeleka mfano wa bonde lake, mkubwa mno kuingia kwenye ofisi za Kamati ya Olimpiki. Ukawekwa ubalozi wa Marekani, na wajumbe wakawa wanapelekwa huko kuutazama. Hebu fikiria mjumbe kutoka nchi isiyojua theluji, ameinamia milima ya kuchonga, huku mwanasheria mwenye ulimi mtamu akimwonyesha mahali uwanja utakaposimama. Hakuficha kwamba bonde ni tupu. Aliufanya utupu huo ndio hoja: kila kitu kitajengwa upya, karibu karibu, kwa ajili ya wanamichezo, na michezo haiwezi kuwa mali ya Ulaya peke yake. Innsbruck ilikuwa na kila kitu isipokuwa hadithi hiyo.

Bili ilipokuja, haikuwa milioni 1 tena. Gharama zote zilikadiriwa kufikia takriban dola milioni 80. Waandaaji walikataa hata kujenga njia ya bobusledi, mchezo wa kuteremka kwa kasi ndani ya sleji kwenye njia ya barafu, wakisema nchi zinazoitaka ni chache, na ndiyo maana 1960 ni Olimpiki pekee ya baridi iliyokosa mchezo huo tangu ianzishwe. Cushing naye aliwekwa kando katika maandalizi, jimbo likashika hatamu. Lakini barabara na mitambo vilijengwa bondeni kwake, na kituo akaendelea kukiongoza kwa miongo mingi. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 92.