Mwananchi Aliyevunjika Moyo na Karatasi Sita za Kura

Kauli ambayo sisi tunaotoa elimu ya mpiga kura nchini Kenya tunakutana nayo mara kwa mara ni hii: “Hata nikipiga kura, wote ni wale wale.” Anayeitamka si mvivu, wala hakosi uelewa. Tarehe 25 Juni 2024 aliona wabunge 195 wakiupitisha Mswada wa Fedha huku vijana wakiupinga barabarani, na baadhi ya vijana hao hawakurudi nyumbani. Kumwambia mtu kama huyo kwamba hana sababu ya kukata tamaa ni kumvunjia heshima. Sababu anazo. Ninachomwomba ni atazame kwa makini sheria inavyoichukulia hatua anayokusudia kuichukua, yaani kubaki nyumbani siku ya uchaguzi.

Wengi huamini kwamba watu wakisusia kwa wingi, uchaguzi utakosa uhalali na viongozi watalazimika kusikia. Katiba ya mwaka 2010 haisemi hivyo. Ibara ya 138 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hakuna kipengele kinachoweka idadi ya chini ya wapiga kura wanaopaswa kujitokeza. Jambo hili lilidhihirika katika uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017, ambao upinzani uliususia. Waliojitokeza hawakufika asilimia 40 ya waliosajiliwa, na katika kaunti nne za eneo la Nyanza kuna maeneobunge ambayo upigaji kura haukufanyika kabisa. Hata hivyo Mahakama ya Juu ilithibitisha matokeo mwezi uliofuata, na rais akaapishwa. Kura iliyoharibiwa makusudi nayo haina nguvu, kwa kuwa Mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu ya asilimia. Aliyekaa nyumbani kwa uchungu na aliyekaa kwa sababu hajali wameandikwa mahali pamoja, yaani hawakuandikwa popote.

Hebu tuzitazame hesabu za Agosti 2022. Daftari lilikuwa na wapiga kura 22,120,458, na karibu milioni 7.8 kati yao hawakupiga kura. Tofauti kati ya mshindi wa urais na aliyemfuata ilikuwa kura 233,211. Ukizigawa kwa vituo vya kupigia kura vilivyokuwa zaidi ya 46,000, utapata takriban kura tano kwa kila kituo. Simaanishi kwamba waliobaki nyumbani wangempigia huyu au yule, kwa maana hilo hakuna anayelijua. Ninamaanisha kwamba uamuzi ulikuwa mikononi mwao kwa wingi uliozidi tofauti hiyo mara thelathini na zaidi, nao wakawaachia wengine. Mwaka 2013 mambo yalikuwa finyu zaidi: mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, akavuka nusu kwa kura zisizofika 10,000, na hivyo duru ya pili ikaepukwa.

Lakini kuzungumzia urais peke yake ni sehemu ya tatizo. Mpiga kura wa Kenya hukabidhiwa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Aliyekatishwa tamaa na karatasi ya kwanza huzitupa na tano zilizobaki, ilhali mambo yanayomgusa kila siku yamo humo. Zahanati isiyo na dawa, soko lisilo na choo, shule ya chekechea na barabara ya kijijini ni majukumu ya kaunti, na bajeti yake hupitishwa na wawakilishi wadi. Wadi ziko 1,450, na katika nyingi mshindi huenda kazini kwa kura elfu chache tu. Hapo waumini wa kanisa moja au wanachama wa vyama kadhaa vya akiba wanatosha kugeuza matokeo. Mimi huona ajabu kwamba kiti hiki, ambacho mwananchi ana nguvu kubwa zaidi juu yake, ndicho kinachofuatiliwa kidogo zaidi, na mara nyingi huachiwa mwenye pesa za kugawa usiku wa kuamkia uchaguzi.

Wapo watakaosema kwamba kura huibwa, na historia yetu haitoi ruhusa ya kulikanusha hilo kirahisi. Wazee wanakumbuka mlolongo wa mwaka 1988, pale wapiga kura wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati huo, walipopanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao, na mahali pengine foleni fupi ikatangazwa kuwa ndiyo ndefu. Vyama vingi viliporejea, upinzani ulishindwa mwaka 1992 na ukashindwa tena 1997, ukiwa umegawanyika. Waliopiga kura mara zote mbili bila mafanikio wangekata tamaa kwa haki kabisa. Walirudi tena tarehe 27 Desemba 2002, na KANU ikaondoka madarakani baada ya karibu miaka 40. Maandamano, kesi mahakamani na shinikizo la viongozi wa dini vilichangia pia, na havikuacha kuhitajika baadaye.

Hata ulinzi wa kura umebadilika kwa sababu ya watu wasiokubali kunyamaza. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho na hayawezi kubadilishwa Nairobi. Matokeo ya eneobunge nayo hujumlishwa kutoka vituoni, kwa hiyo shina lake ni Fomu 34A, inayojazwa kituoni kura zikishahesabiwa, ikatiwa saini na msimamizi na mawakala, na nakala yake ikabandikwa kituoni ili kila mtu aisome. Mwaka 2022 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka iliziweka fomu hizo mtandaoni, na raia wa kawaida wakajumlisha wenyewe. Ukiipiga picha fomu ya kituo chako jioni ile, una namba za kulinganisha na zile za Tume.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti, tarehe 10 Agosti 2027. Katika daftari la 2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 40 hivi, idadi iliyopungua ikilinganishwa na ya 2017. Kujisajili kunahitaji kitambulisho cha taifa au pasipoti, na aliyehama anaweza kuomba kuhamishiwa kituo kilicho karibu na anakoishi sasa. Usajili husimamishwa uchaguzi unapokaribia, kwa hiyo anayengoja kuona wagombea kwanza ndipo aamue anaweza kukuta daftari limeshafungwa.