Chuo si bweni: miezi mitatu kabla mtoto hajaondoka

"Dada, huyu hana tatizo. Amekaa bweni tangu kidato cha kwanza, JKT ameenda, chuo kitamshinda nini?"

Maneno haya nayasikia kila mwaka ofisini kwangu Sinza, mwezi wa nane na wa tisa, udahili ukiwa umepamba moto. Wanaoyasema ni wazazi wema kabisa, watu waliojinyima mengi ili ada ilipwe. Ikifika mwezi wa pili, baadhi yao wanarudi. Mtoto hapokei simu. Mtoto ana sapu nne, mitihani ya kurudia, na hakumwambia mtu. Mtoto kakopa kwa watu wa kausha damu, wale wa mikopo ya riba kubwa, na sasa wanampigia mama yake. Na swali linakuwa lilelile: mbona bweni hakuwa hivi?

Mimi ni mshauri nasaha, huu ni mwaka wa kumi na nne katika kazi hii. Mwaka juzi nilikaa upande wa pili wa meza, binti yangu wa kwanza alipopata chuo Mbeya. Kwa hiyo ninayoandika hapa mengine nimeyaona kwa wateja, mengine yamenikuta mwenyewe.

Bweni kuna kengele. Kengele inamwamsha, inampeleka prepo, inamlaza. Ugali unapikwa na mpishi wa shule, simu haruhusiwi, pesa ya matumizi anaitunza matroni. JKT kuna afande. Kote huko wewe mzazi ulimtoa mtoto mkononi mwako ukamweka mkononi mwa mlezi mwingine. Chuoni unamkabidhi kwake mwenyewe. Asipoingia darasani wiki nzima, hakuna atakayegonga mlango. Akila mlo mmoja kwa siku, hakuna atakayejua. Nimefika mahali pa kuamini kwamba mtoto aliyekaa bweni miaka sita wakati mwingine anayumba kuliko wa kutwa, yule aliyekuwa akigombania daladala Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri na nauli yake mfukoni. Wa kutwa amezoea kujiamsha. Wa bweni amezoea kuamshwa.

Ndiyo maana nawaambia wazazi wasiitazame hii miezi ya katikati kama likizo. Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi wa saba, vyuo vingi hufungua mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Kwa waliokwenda JKT muda ni mfupi zaidi. Katika nyumba nyingi za Dar mtoto hutumia muda huo kulala hadi saa tano, na mama anasema mwache apumzike, atateseka huko aendako. Namwelewa mama huyo. Lakini hiyo ndiyo nafasi pekee aliyonayo mtoto ya kukosea akiwa bado analala chini ya paa lako.

Zoezi ninalowapa wazazi ni hili. Fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo humpa mwanafunzi, ile wenyewe wanaita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku. Ilipanda mwaka 2022 kutoka 8,500. Basi chukua siku kumi na nne, mpe mtoto shilingi 140,000 kwa mkupuo, na mwambie: kifungua kinywa, chakula cha mchana, cha jioni, nauli, sabuni, bando, vyote vimo humo. Anunue mwenyewe, apike mwenyewe, aandike kwenye daftari. Usimwongezee hata mia.

Binti yangu alianza kwa kishindo. Siku ya pili aliagiza chipsi kuku kwa bodaboda, siku ya tatu akanunua bando la wiki, siku ya nne kulikuwa na birthday ya rafiki Mikocheni. Siku ya tisa asubuhi nilimkuta jikoni ameweka sarafu mezani, anazihesabu kwa kidole, moja moja, kisha anazipanga upya kana kwamba zitaongezeka. Zilikuwa 3,700. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni na pochi mkononi. Nilimshika mkono tukatoka nje, tukakaa kwenye gari kama nusu saa, hatuongei. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyowahi kumweleza mteja yeyote. Siku zilizobaki mtoto alikula maharage aliyoyachemsha sufuria moja kwa siku mbili, na alitembea kwa miguu hadi Mwenge. Jioni ya siku ya kumi na nne alikuja mwenyewe na daftari, akaniuliza kilo ya maharage inatosha watu wangapi.

Kama mtoto wako hatapata mkopo, badilisha kiasi kiwe kile utakachoweza kumtumia kweli, hata kama ni 5,000. Na mwonyeshe kiasi hicho kimetoka wapi. Vijana wengi wanaoniambia "wazazi wangu wanazo" hawajawahi kuuona mshahara wa baba ukigawanywa. Kwa anayepata mkopo, mwambie mapema na kwa upole kwamba ile ni deni: atakapoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi hadi liishe. Mtoto anayelijua hilo huliangalia bumu kwa jicho jingine. Asiyelijua hununua simu mpya siku linapoingia, au anatandika mkeka wa kubeti akiamini litazaa.

Makaratasi nayapitia haraka, maana wengi mnayajua: namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, fomu ya daktari inayokuja na maelekezo ya kujiunga, akaunti ya benki iliyo kwa jina lake, bima ya afya. Shughulikieni pamoja, lakini foleni apange yeye. Baba mmoja wa Tabata aliyemfanyia mwanawe kila kitu mtandaoni alipigiwa simu mwezi wa kumi na mbili: kijana yuko zahanati na hajui namba yake ya bima wala kadi iko wapi. Ilikuwa kwenye droo ya baba, Tabata.

Vitu vya kununua havinitii wasiwasi. Godoro, ndoo, beseni, chandarua, shuka mbili, vyote vipo huko aendako na mara nyingi kwa bei nzuri. Msimbebeshe heita ya maji, hosteli nyingi zinaikataza. Kwa anayekwenda Mbeya au Iringa, nunueni blanketi zito na sweta la kweli, kwa sababu mtoto wa Dar hajui baridi ni nini mpaka imkute mwezi wa sita.

Malazi ndiyo yaliyoniumiza mimi. Tulijaza fomu ya hosteli, tukalipa, tukaambiwa nafasi ipo. Binti amefika na begi lake, jina halimo. Usiku huo alibebwa, kama wanavyosema wenyewe: alilala kitanda kimoja na msichana waliyejuana siku ileile. Nilikuwa zaidi ya kilomita 800 kutoka alipo na nilitaka kupanda basi. Kilichotuokoa ni akiba ambayo karibu tuitumie kwenye mambo mengine: kodi ya miezi mitatu ya chumba cha mtaani na chakula cha mwezi mmoja. Wekeni fungu hilo pembeni hata kama kila karatasi inasema mambo yako sawa. Bumu la kwanza nalo linaweza kuchelewa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye njaa Novemba huingia kwenye mikono ya watu wabaya kirahisi.

Hapo ndipo penye mazungumzo tunayoyakwepa. Huku Pwani zamani mama hakumfunda mwanawe mwenyewe. Mwali alikuwa na somo, kungwi wake, mtu mzima aliyeteuliwa kumwambia yale ambayo mama na binti wataoneana haya kuyasema. Wavulana walikuwa na jando. Wazee wetu walijua kuna maneno hayapiti vizuri kati ya mzazi na mwana, wakayatengenezea njia nyingine. Sisi tumeiacha njia hiyo, na ile ya kusema wenyewe hatujaishika. Mtoto anaondoka na godoro jipya na hajaambiwa lolote na mtu yeyote.

Mchagulieni somo. Shangazi, mama mdogo, mjomba, jirani mnayemwamini, mtu ambaye mtoto anaweza kumpigia saa sita usiku bila kuogopa kwamba kesho mama atajua. Mwombeni rasmi, mbele ya mtoto, na mkubali kwamba yatakayosemwa huko hayatawafikia yote. Kwangu alikuwa wifi yangu. Mpaka leo kuna mambo wanayoyajua wao wawili, na mwanzoni ilinichoma. Aongee naye kuhusu mimba na namna ya kuizuia, VVU, pombe, na namna ya kusema hapana kwa mtu anayempenda.

Jambo moja lakini mzazi aliseme kwa mdomo wake, na aliseme kwa watoto wa kike na wa kiume: rushwa ya ngono. Mtoto ajue kabla hajaondoka kwamba mwalimu au mtu yeyote mwenye mamlaka akidai mwili wake ili ampe maksi, ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, ni bure. Na asikie kutoka kwako sentensi hii: "Likikutokea, hata ukipoteza mwaka mzima, rudi nyumbani uniambie, sitakugombeza." Wasichana waliokaa kimya mbele yangu kwa vikao vitatu, vinne, karibu wote walinyamaza kwa kuogopa kwamba nyumbani wataulizwa, "Ulivaa nini?"

Sasa wewe mwenyewe, mzazi. Kuna mila ya kumtoa mwali, kuna sendoff, kuna khitima na arobaini. Kuondoka kwenda chuo hakuna shughuli yoyote, mtu anapanda basi tu. Labda ndiyo maana uchungu wake unatuvizia. Asubuhi ile stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi na mbili kasoro, konda akifunga buti, mume wangu alisema anakwenda kununua maji. Maji tulikuwa nayo chupa nne. Alirudi basi limeshatoka. Wiki mbili zilizofuata nilikuwa nikikanda chapati za watu watano, na ile moja ya ziada nilikuwa naifunika kwa sahani bila kufikiri. Mdogo wake ndiye aliyeniambia, "Mama, hii ya nani?"

Uchungu huo hauna ubaya. Unaleta shida pale unapojificha ndani ya kitu kingine. Kwa akina mama huwa simu: umeamka, umekula, uko wapi, uko na nani, mara saba kwa siku, mpaka mtoto anajifunza kudanganya ili mama atulie. Kwa akina baba huwa ukali kuhusu pesa. Na mama anayelea peke yake, ambaye mtoto mkubwa ndiye alikuwa mwenzake wa kuongea usiku, mara nyingi humtumia mtoto matatizo yote ya nyumbani kwa WhatsApp. Kijana anakaa kwenye mtihani akiwaza mwenye nyumba anayedai kodi Mbagala. Mama wa namna hiyo namwambia kwa huruma: tafuta dada, rafiki, jumuiya, mtu mzima mwenzako wa kumlilia. Hata mimi nililia kwa dada yangu Kigamboni, Jumapili nzima.

Kubalianeni siku ya kupigiana. Sisi ilikuwa Jumatano na Jumapili usiku, na katikati ujumbe tu. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mzazi wa Dar anaweza kwenda kumwona mtoto anayesoma huko na kurudi siku hiyohiyo. Mwezi wake wa kwanza chuoni usiende. Kama kuna dalili za kweli, hapo nenda: amelala mchana kutwa kwa wiki kadhaa, haongei na mtu wa chumbani kwake, anasema amechoka kuishi. Dalili hiyo ya mwisho haingoji treni. Mpigie aliye karibu naye na ofisi ya mshauri wa wanafunzi saa hiyohiyo, na namba hizo mbili ziwe kwenye simu yako tangu siku anayoondoka, mtoto mwenyewe akijua kwamba unazo.

Mdogo wake sasa yuko kidato cha nne. Mwezi uliopita nilimkabidhi LUKU ya nyumba, shilingi 40,000, aipange mwenyewe mpaka mwisho wa mwezi. Tarehe 23, saa mbili usiku, umeme ukakatika tukiwa mezani. Alitutazama, baba yake akanitazama mimi. Tulimaliza kula kwa tochi ya simu. Kesho yake alizunguka nyumba nzima akisoma namba nyuma ya kila kifaa, friji, pasi, feni, anaandika wati ngapi.